Kubadilisha prosesa na madabodi kwa bajeti ndogo: anza na kilichomo ndani ya kasha

Fedha nyingi za kuboresha kompyuta ya mezani hupotea kabla hata bisibisi haijaguswa. Mtu kasikia i7 ni kali kuliko i5, anakwenda Kariakoo au Luthuli na akiba yake, anarudi na prosesa isiyoingia kwenye soketi yake (kikalio cha prosesa kwenye bodi kuu), au na madabodi, yaani bodi kuu hiyo, inayodai RAM asiyokuwa nayo. Safari ya pili dukani ndiyo inayomaliza bajeti.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote hapa chini zinaufuata. Mwenye fedha kidogo aanze na prosesa bora zaidi inayokubaliwa na madabodi aliyo nayo. Madabodi ibadilishwe tu pale ilipofika mwisho wa uwezo wake. Na ikibidi kubadilishwa, RAM uliyo nayo tayari ndiyo iamue unahamia wapi.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona jina la prosesa, jina la madabodi (mstari wa BaseBoard Product) na toleo la BIOS (programu iliyomo kwenye madabodi inayoiwasha mashine). Kwenye Linux, amri ya lscpu inatosha kwa prosesa, na sudo dmidecode -t baseboard kwa madabodi. Programu ya bure ya CPU-Z inaongeza mengine mawili muhimu: aina ya RAM, kama ni DDR3, DDR4 au DDR5, na jina la soketi.

Kinachobaki hakionekani kwenye skrini. Zima mashine, chomoa waya, fungua kasha usome stika ya pawa saplai: ni wati ngapi? Hesabu pia sloti za RAM na uangalie zipi ziko wazi. Piga picha ya kila kitu kwa simu. Picha hizo zitakusaidia dukani kuliko maelezo ya mdomo, maana ukimwambia muuzaji "nina Dell ya i5" hujamwambia kitu. Kuna i5 ya mwaka 2010 na kuna i5 ya juzi.

Kwenye Intel, kizazi kinasomeka baada ya mstari mdogo: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Kwenye Ryzen, prosesa za AMD, tarakimu ya kwanza inaonyesha mfululizo: Ryzen 5 1600, 2600, 3600, 5600.

Hatua ya 2: Hakikisha prosesa ndiyo inayokwamisha

Fungua Task Manager, nenda Performance, halafu fanya kazi yako ya kawaida. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa imetulia, tatizo lako ni diski kuu ya kizamani. Weka SSD, na akiba iliyobaki uitunze. RAM ikijaa, ongeza RAM. Ukiwa na kipande kimoja cha GB 8, kuongeza cha pili kinachofanana nacho kunakupa nafasi maradufu na pia njia mbili za kupitishia data, na mashine inayotumia grafiki za ndani ya prosesa huonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Usidanganywe na grafu moja ya jumla. Prosesa inaweza kuonyesha asilimia 30 ilhali kore moja (moja ya injini zilizomo ndani yake) imeelemewa kabisa, na gemu nyingi hukwama hapo hapo. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua kuonyesha kila prosesa ya kimantiki, ndipo utauona ukweli.

Pima joto pia. Programu ya HWiNFO ni ya bure. Mashine iliyojaa vumbi la miaka, na pesti ya kupitisha joto iliyokauka chini ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kusafisha na kupaka pesti mpya ni gharama ndogo mno, na wapo watakaoishia hapa wakiwa wameridhika.

Hatua ya 3: Tafuta prosesa ya juu kwenye soketi ileile

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa fedha kidogo, kwa hiyo tusipapite haraka.

Tuanze na AMD. Soketi ya AM4 imepokea prosesa za Ryzen tangu 2017, na madabodi za chipseti (chipu kuu ya bodi) za A320, B350 na X370 za mwaka huo hatimaye ziliruhusiwa kupokea Ryzen 5000. Mwenye Ryzen 3 1200 au Ryzen 5 1600 kwenye bodi ya B350 anaweza kuchomoa na kuweka Ryzen 5 5600, bila kununua madabodi wala RAM. Kati ya njia zote za kuboresha ninazozijua, hii ndiyo inayotoa mabadiliko makubwa kwa kununua kifaa kimoja tu.

Sharti lake ni BIOS. Nenda kwenye ukurasa wa madabodi yako katika tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, tafuta prosesa unayoitaka, na utaona toleo la BIOS linalohitajika. Soma na maelezo ya kila toleo. Bodi nyingine zinataka upitie toleo la kati kwanza, na nyingine zikishapokea toleo jipya huziacha baadhi ya prosesa za zamani sana. Sasisha BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, maana mpya haitawaka kabla ya hapo. Na ufanye hivyo kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, madabodi inaweza kufa, na kuifufua ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu.

Bodi ndogo ya A320 usiibebeshe mzigo usio wake. Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5700X ni za wati 65 na zinafaa. Ryzen 9 iache kwa bodi zenye mfumo imara wa kulisha umeme.

Upande wa Intel mambo ni finyu zaidi. LGA1155 ni ya kizazi cha 2 na cha 3. LGA1150 ni ya cha 4. LGA1151 ndiyo yenye mtego: bodi za mfululizo wa 100 na 200 zinapokea kizazi cha 6 na cha 7, na bodi za mfululizo wa 300 zinapokea cha 8 na cha 9. Soketi ni jina lilelile, pini idadi ileile, lakini i5-8400 haitafanya kazi kwenye bodi ya H110. Muuzaji asiyelijua hili atakuuzia kwa moyo mweupe kabisa. LGA1200 ni ya kizazi cha 10 na 11, na LGA1700 ni ya 12, 13 na 14.

Mwenye i3-6100, yenye kore 2 na thredi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), akiweka i7-7700 yenye kore 4 na thredi 8, ataiona tofauti siku hiyohiyo, mradi BIOS yake iwe inakitambua kizazi cha 7. Mwenye i5-4570 vilevile anaweza kupanda hadi i7-4770 au i7-4790. Ila jambo moja lipimwe kwanza: Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kazi yako inakulazimisha kuwa kwenye Windows 11, usiweke fedha kwenye kizazi cha 4 au cha 7. Kama unatumia Linux, au mashine ni ya watoto kujifunzia, i7 ya zamani kwa bei ya kutupa bado ina miaka ndani yake.

Hatua ya 4: Mashine za ofisi zina mitego yake

Kompyuta nyingi za mezani mitaani kwetu ni za ofisi za nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zilizokuja mtumba kutoka Ulaya au kupitia Dubai. Ni mashine imara na ninazipenda. Lakini watu wengi huumia wanapojaribu kuzibadilisha madabodi.

Fungua OptiPlex 9020 au 3020. Utatafuta ule mkanda mpana wa nyaya wenye pini 24 unaolisha madabodi za kawaida, na hutauona. Dell waliweka plagi yao ya pini 8. EliteDesk 800 G1 nayo ina plagi yake, na ThinkCentre kadhaa za rika hilo zina ya pini 14. Maana yake, ukitoa madabodi ile na kuweka ya dukani, pawa saplai haitaunganika. Hata matundu ya skrubu na waya za kitufe cha kuwashia mara nyingi hazilingani. Na pawa saplai ya 9020 ndogo ni ya wati 255 tu. Ghafla unanunua madabodi, pawa saplai na kasha, ilhali ulipanga kitu kimoja.

Kwa mwenye mashine ya namna hii, njia mbili zinaeleweka. Ya kwanza ni kubadilisha prosesa peke yake, kama nilivyoeleza. Ya pili ni kuiuza nzima na kununua nzima nyingine ya kizazi cha 8, kwa mfano OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4 au ThinkCentre M720. Hizo zina i5-8500 yenye kore 6 na zinakubali Windows 11. Ukitoka kwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7 yenye DDR4 ya ukubwa wa kawaida, RAM yako inahama nayo. Epuka tu toleo dogo kabisa la ukubwa wa kitabu kama unataka kuhamisha RAM, maana linatumia vipande vifupi vya laptopu.

Linganisha bei ya mashine nzima ya mtumba na bei ya madabodi mpya pamoja na prosesa yake. Kwa kazi za ofisi, shule na duka la stationari, mashine nzima mara nyingi hushinda.

Hatua ya 5: Madabodi ikibidi ibadilike, RAM ndiyo iamue

Ukishaona bodi yako imefika mwisho na kasha lako ni la kawaida lenye pawa saplai ya pini 24, hesabu yote kwa pamoja: madabodi, prosesa, RAM, feni, pawa saplai. Ziandike zote hata kama unadhani nyingine hutazihitaji.

Ukiwa na DDR4, ishike. Bei za RAM zilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, na GB 16 za DDR4 ulizo nazo ndani ya mashine ni akiba ya kweli. AM5 ya AMD na LGA1851 ya Intel zinataka DDR5 tu, kwa hiyo kwa bajeti ndogo ninaziweka pembeni bila kusita. Zinabaki njia mbili.

Njia ya AM4 ni Ryzen 5 5500, 5600 au 5600G kwenye bodi ya A520, B450 au B550. Zote tatu zina kore 6 na thredi 12. Tofauti iko hapa: 5600 ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 na PCIe 4.0 (njia ya data ya kadi ya grafiki), wakati 5500 na 5600G zina MB 16 na PCIe 3.0. Mwenye kadi ya grafiki ya maana achukue 5600. Asiye na kadi achukue 5600G, kwa sababu 5500 na 5600 hazina grafiki ndani na skrini itabaki nyeusi. Grafiki za Vega zilizomo kwenye 5600G zinacheza gemu nyepesi vizuri, zikipewa RAM vipande viwili.

Njia ya LGA1700 ni i3-12100 au i5-12400 kwenye bodi ya H610 au B660 inayotumia DDR4. Usidharau i3 hiyo. Ina kore 4 na thredi 8, hesabu ileile ya i7-7700, na inaiacha nyuma. Faida nyingine ni kwamba bodi zote za mfululizo wa 600 zilitoka pamoja na kizazi cha 12, kwa hiyo huna hofu ya BIOS. Herufi F mwishoni, kama 12400F, inamaanisha haina grafiki za ndani.

Mimi ningechagua hivi: kwa ofisi, shule na uhasibu, i3-12100 kwenye H610. Kwa kuhariri video au gemu ukiwa na kadi ya grafiki, Ryzen 5 5600 au i5-12400F, yoyote utakayoipata kwa bei nafuu pamoja na bodi yake. Tofauti kati ya hizi mbili haistahili kubishaniwa kwa fedha ya ziada. Ipeleke hiyo kwenye SSD au pawa saplai.

Mwenye DDR3 hana cha kuhamisha, kwa hiyo bajeti yake lazima iwe na RAM ndani. Kwake yeye hoja ya kununua mashine nzima ya mtumba ina nguvu zaidi.

Hatua ya 6: Kuchagua bodi yenyewe

Kwenye LGA1700, soma jina zima. Bodi mbili zinaweza kufanana karibu kila kitu, moja ikawa DDR4 na nyingine DDR5. ASUS huandika D4 mwishoni, MSI huandika DDR4. Usiondoke kaunta bila kuuliza: "Kaka, hii ni D4? Nifungulie boksi niione sloti." Muuzaji mzuri hatakasirika.

H610 ina sloti 2 tu za RAM. Ukiwa na vipande vinne vidogo, viwili vitabaki mkononi. Angalia kama ina sloti ya M.2 ya SSD, na kama ina tundu la skrini unayotumia, liwe HDMI, DisplayPort au VGA ya zamani. Ukubwa wa Micro-ATX huingia kwenye makasha mengi ya kawaida. Chipseti za bei kubwa kama Z690 au X570 hazikuongezei chochote kwa prosesa hizi tulizozitaja.

Feni nayo ina neno lake. Matundu ya LGA1700 yako mbali kidogo kuliko ya LGA1200 na zile za 115x (1150, 1151 na 1155), milimita 78 badala ya 75, kwa hiyo feni yako ya zamani inaweza isishike bila kifungio kipya. Prosesa inayouzwa bila boksi kwa kawaida haina feni. Iulizie kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Vya kuviepuka

Bodi za Kichina za X79 na X99 zenye Xeon (prosesa ya Intel ya seva) ya mtumba zinavutia kwa hesabu ya kore. Xeon hizo hazina grafiki za ndani, zinakula umeme mwingi, na bodi nyingine zilizoandikwa X99 ndani yake zina chipseti ya kompyuta ya kawaida iliyotolewa kwenye bodi kuukuu. Ikifa, hakuna wa kumrudishia.

Prosesa za i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, hasa za herufi K, ziache. Zilikuwa na tatizo la umeme lililozichakaza. Intel walitoa marekebisho mwaka 2024 na kuongeza waranti kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayaponyi iliyokwisha kuharibika, nawe huwezi kuiona kwa macho. Kizazi cha 12 hakikuguswa na jambo hilo.

Prosesa iliyoandikwa "Intel Confidential" juu yake ni ya majaribio ya kiwandani. Hata iwe nafuu kiasi gani, irudishe kaunta.

Hatua ya 8: Kukagua kabla ya kulipa

Kwenye bodi ya Intel, ondoa kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu na uimulike kwa upande. Pini zote zing'ae kwa mistari iliyonyooka. Penye doa jeusi au mng'ao uliokwenda kombo pana pini iliyopinda. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Iinue usawa wa jicho utazame safu zake kutoka pande zote nne.

Ukiwa Dar, Mombasa au Zanzibar, tazama matundu ya USB na ya waya wa mtandao. Chumvi ya hewa ya pwani huanza kuonekana hapo, kutu na unga mweupe. Tazama kapasita kama zimevimba kichwani. Ulizia lile bati la nyuma linaloziba matundu ya kasha, maana kwenye bodi za mtumba hukosekana mara nyingi na kulipata peke yake ni shida.

Kisha iwashwe mbele yako. Ingia BIOS usome jina la prosesa, halafu ujaribu kila sloti ya RAM kwa kipande kimoja. Kama kuna Windows, endesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, kwa dakika kumi. Mwisho, waranti iandikwe kwenye risiti, hata ikiwa ya wiki mbili, pamoja na namba ya bodi.

Hatua ya 9: Kufunga, na Windows baada yake

Kabla ya kuchomoa chochote, nakili mafaili yako muhimu. Kisha angalia kama BitLocker (kufuli la Windows la diski) imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi au simu, au izime kwanza. Madabodi ikibadilika bila ufunguo huo, diski itajifunga na mafaili yako humo ndani. Unganisha pia leseni ya Windows na akaunti yako ya Microsoft. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa kwenye madabodi ile, hivyo hesabu uwezekano wa kuhitaji nyingine.

Kutoa feni ya AM4 kunataka subira. Washa mashine dakika chache ili pesti ilainike, izime na kuchomoa waya, legeza kifungio, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda.

Prosesa mpya huingia bila kusukumwa. Linganisha pembetatu ndogo kwenye kona, iache ishuke yenyewe. Pesti iwe tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati. Usisahau plagi ya umeme ya prosesa, ile ya pini 4 au 8 pembeni ya bodi. Ikisahaulika, feni zitazunguka na skrini haitawaka.

Ikiwaka, ingia BIOS, angalia joto, washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kama RAM yako inayo na bodi inairuhusu, halafu weka saa na tarehe. Saa ikirudi nyuma kila ukizima umeme, badilisha betri ya CR2032.

Bodi ya zamani iuze pamoja na prosesa yake na RAM yake kama hukuihamisha. Mnunuzi akiiona inawaka, hutoa bei nzuri kuliko utakayopata ukiuza kipande kimoja kimoja.